Bangi na Usukani: Maswali na Majibu

Nchi ikishahalalisha bangi kwa watu wazima, je, dereva naye ameruhusiwa kuitumia?

Hapana. Kanada ilihalalisha bangi tarehe 17 Oktoba 2018, lakini mwaka huohuo ilikaza sheria ya udereva: dereva anayekutwa, ndani ya saa 2 tangu aendeshe, na nanogramu 5 au zaidi za THC, yaani kemikali inayolevya katika bangi, kwa kila mililita ya damu, hutozwa faini isiyopungua dola 1,000 kwa kosa la kwanza. Ujerumani nayo ilihalalisha mwezi Aprili 2024, na miezi michache baadaye ikaweka kikomo cha nanogramu 3.5 katika majimaji ya damu, huku madereva wapya na walio chini ya miaka 21 wakikatazwa kabisa.

Kwa nini vikomo vinatofautiana hivyo?

Kwa sababu THC haifanani na pombe. Pombe huyeyuka katika maji ya mwili, na kiasi kilichomo kwenye damu huonyesha vizuri jinsi mtu alivyolewa. THC hujificha kwenye mafuta: kwa mvutaji hupanda ndani ya dakika chache na kushuka upesi kwenye damu ilhali ubongo bado umelemewa, na kwa anayetumia kila siku mabaki yake huweza kuonekana hata siku kadhaa baada ya ulevi kuisha. Ndiyo maana askari wengi hawategemei namba peke yake. Humwangalia dereva macho, humtembeza kisigino kikigusa vidole, kisha humwambia ainue mguu mmoja kiasi cha sentimita 15 na kuhesabu kwa sauti. Anayeyumba au kusahau alipofikia hujieleza bila kusema neno.

Wapo wanaosema bangi huwafanya waendeshe taratibu, hivyo hakuna hatari.

Ni kweli kwamba baadhi yao hupunguza mwendo, lakini hatari haiko kwenye mwendo tu. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Taa za breki za lori lililo mbele zikiwaka, mguu ukichelewa nusu sekunde tu kuhama kwenye mafuta, mita 8 zimekwisha kupotea. Ikichanganywa na pombe, hata kidogo, madhara huzidi, na sheria ya Kanada ina kosa la pekee kwa mchanganyiko huo.

Nisubiri muda gani?

Aliyevuta asubiri angalau saa 6. Aliyeila katika keki au peremende asubiri zaidi, kwani ulevi wake huanza baada ya dakika 30 hadi saa 2 na unaweza kudumu hadi saa 12. Nakusihi usijipime kwa hisia zako, maana uamuzi ni miongoni mwa vitu ambavyo bangi huvivuruga mapema.

Na aliyeandikiwa na daktari?

Uingereza humruhusu kujitetea iwapo alifuata maagizo ya daktari, lakini utetezi huo haumsaidii ikithibitika kwamba hakuwa katika hali ya kuendesha.