Mstari wa moja ya sita hausemi unachodhani

Wiki hii, kwa mara ya tatu tangu mwaka uanze, nimekaa katika semina hapa Dar es Salaam nikimsikiliza kijana hodari akitangaza kwamba, kwa kuwa nukta zote za grafu yake ziko juu ya mstari wa 1/6, fuwele yake haina mfungamano wa kwantamu, yaani ule uhusiano wa chembe usioelezeka kwa kuitazama kila chembe peke yake. Mara mbili za kwanza nilinyamaza kwa adabu.

Mstari wenyewe waliutoa wanafizikia Wieśniak, Vedral na Brukner mwaka 2005, na hoja yake ni fupi. Mwitikio wa fuwele kwa sumaku ukizidishwa kwa jotoridi, na ndicho grafu inachochora, tukiacha vizio, hupima kuyumba kwa jumla ya spini, zile sumaku ndogo za atomu. Spini nusu, ile ndogo kuliko zote, haiwezi kutulia pande zote tatu kwa pamoja. Ukijumlisha kuyumba kwake katika x, y na z, hupati chini ya 1/2. Spini zisizofungamana hurundika tu kuyumba huko, hivyo kila upande hubaki kwa wastani na 1/6 au zaidi, ilhali sheria ya Curie, ya spini za ovyo zisizojuana, hutoa 1/4. Data ikishuka chini ya 1/6, spini zinafutiana kuyumba, jambo lisilowezekana bila mfungamano. Nitrati ya shaba, iliyopimwa miaka ya 1960 na watu ambao hawakuwa wakitafuta mfungamano wowote, huvuka mstari huo kwenye kelvini 5 hivi. Hapo hatugombani.

Ugomvi uko upande wa pili. Pafukapo moshi pana moto, sawa, lakini kila aliyepikia mkaa anajua kwamba jiko lililokolea halitoi moshi, na bado litakuunguza vidole. Chukua jozi ya spini iliyo katika hali moja inayounganisha "zote juu" na "zote chini". Mfungamano wake ni mkubwa kadiri jozi inavyoweza kubeba, na bado jumla ya kuyumba kwake ni 2, ilhali mpaka wa jozi ni 1, na hata spini mbili za ovyo zisizojuana hutoa 1.5. Kipimo kinaipita jozi hiyo bila kugutuka, kwa sababu kiliundwa kunusa spini zinazopingana, basi.

Nikiri na la kwangu, ambalo vitabu hulipita haraka. Sampuli halisi huwa na atomu za shaba zilizokaa pasipo mahali pake, nazo hutoa mkia unaopanda kadiri jotoridi linavyoshuka. Tunaukadiria, kisha tunautoa. Usiku mmoja, jasho likidondokea daftari, niliongeza kidogo tu kiwango cha uchafu nilichokuwa nikikitoa, nukta zikazama chini ya mstari: nilikuwa nimetengeneza mfungamano kwa kalamu. Isitoshe, hoja nzima hudai kwamba jumla ya spini kwenye mhimili wa uga wa sumaku isibadilike, sharti ambalo fuwele nyingi hulivunja kidogo. Kosa hilo ninalikadiria kwa kila fuwele, na si kila mara ninaridhika na makadirio yangu.

Nilimwambia kijana afute "haina" aandike "kipimo hiki hakikuonyesha". "Lakini Mwalimu," akanijibu, "hiyo nani atachapisha?"