Blanc de blancs ni divai ya namna gani?

Blanc de blancs ni divai nyeupe ya Ufaransa, yenye mapovu au isiyo nayo, iliyotengenezwa kwa zabibu nyeupe peke yake. Kwani divai nyeupe hutoka wapi kwingine? Hutoka hata kwenye zabibu nyeusi. Minya tunda la Pinot Noir kwa vidole uone: juisi yake haina rangi, maana wekundu umo kwenye ganda. Ndiyo sababu huko Champagne, eneo la Ufaransa linalotoa divai ya mapovu iitwayo shampeni, zabibu huchumwa kwa mkono na kukamuliwa taratibu zikiwa vichala vizima, ili juisi iachane na maganda mapema. Kilo 4,000 haziruhusiwi kutoa zaidi ya lita 2,550. Basi shampeni nyingi, ijapokuwa nyeupe, ni mchanganyiko wa Chardonnay, ambayo ni zabibu nyeupe, na zabibu mbili nyeusi, Pinot Noir na Meunier.

Kwenye shampeni, kwa hiyo, maneno blanc de blancs yana uzito hasa: chupani hamna zabibu nyeusi hata tone. Karibu kila mara ni Chardonnay tupu, ingawa sheria inaruhusu pia zabibu nyeupe adimu kama Arbane na Petit Meslier. Ya zabibu nyeusi tupu huitwa blanc de noirs.

Kitovu cha blanc de blancs ni Côte des Blancs, kusini mwa Épernay, kwenye vijiji kama Cramant, Avize na Le Mesnil-sur-Oger, ambako mizabibu imeotea juu ya mwamba wa chaki. Eugène-Aimé Salon alichukua Chardonnay ya Le Mesnil pekee, akaanza kuuza shampeni yake kwa mavuno ya 1921, wakati wenzake wakitegemea kuchanganya zabibu za vijiji vingi. Nadhani alithubutu, na ladha inamtetea. Ikiwa changa, blanc de blancs huwa na uchachu safi wa limau na tufaha la kijani. Ikilala miaka mingi juu ya mashapo ya hamira, hunukia mkate uliookwa na lozi.

Bourgogne, eneo jingine la Ufaransa, nako hutengenezwa crémant (divai za mapovu zisizo za Champagne) za aina hii. Ila kwenye divai nyeupe isiyo na mapovu, maneno hayo yasikuongezee bei, kwa kuwa nyingi ni za zabibu nyeupe vyovyote vile. Wala hayasemi lolote kuhusu utamu. Kwa hilo tafuta neno brut kwenye lebo ya shampeni: sukari chini ya gramu 12 kwa lita.