Nyumba ya likizo ng'ambo na swali la ardhi

Wengi huamini kwamba anayenunua nyumba ya likizo ng'ambo humiliki pia ardhi iliyo chini yake, lakini mara nyingi sivyo. Nchini Thailand, mgeni kwa kawaida haruhusiwi kumiliki ardhi. Anaweza kununua fleti, mradi sehemu ya wageni isizidi asilimia 49 ya eneo la fleti zote za jengo. Nchini Meksiko, ndani ya kilomita 50 kutoka pwani, hati huandikwa jina la benki, inayoishika nyumba kwa niaba ya mnunuzi, kwa mkataba wa amana wa miaka 50 unaoweza kuongezwa, huku mnunuzi akilipa ada ya kila mwaka na kubaki na haki ya kuitumia, kuipangisha, kuiuza au kuirithisha. Utaratibu huo si utapeli. Wa kuogopwa ni dalali anayeshauri ardhi ya Thailand iandikishwe kwa jina la mwenyeji wa kuazima, yaani raia anayetoa jina lake tu kwa niaba ya mgeni, njia ambayo sheria ya huko inaikataza.