Mwenye kisukari na dawa za mitishamba za "kusafisha figo"

Unga unaouzwa stendi na sokoni kwa jina la "kusafisha figo" huwavuta sana watu wenye kisukari, na hofu yao ina msingi. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Sukari na presha zikikaa juu kwa miaka, vichujio hulegea na kuvujisha albumini, protini iliyopaswa kubaki kwenye damu. Hakuna uchafu wa kusugua hapo, wala hakuna maumivu, kwa hiyo muuzaji na mnunuzi wote hawawezi kujua kama unga unasaidia mpaka mkojo upimwe.

Omba kipimo cha uwiano wa albumini na kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa kwa mkojo. Peleka mkojo wa kwanza wa asubuhi. Ukiwa na homa, hedhi au maambukizi ya njia ya mkojo, subiri kwanza, maana majibu hupanda hata figo zikiwa nzima. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ni kawaida. Ikizidi, kipimo hurudiwa ndani ya miezi mitatu hadi sita. Kijiti cha kawaida cha kuchovya mara nyingi hakioni uvujaji wa mwanzo. Mwenye kisukari cha aina ya pili hupima tangu anapogundulika, kisha kila mwaka, pamoja na kreatinini ya damu.

Mbirimbi, yale matunda machachu, zikiwa chache kwenye mchuzi au achari hazina neno kwa mwenye figo nzima. Ukizikamua ukanywa glasi nzima, oksalati, asidi iliyojaa kwenye tunda hilo, huingia kwa mkupuo na kuganda kama chenga za chupa ndani ya mirija ya figo. Kule Kerala, India, watu waliokunywa juisi hiyo ili kushusha kolesteroli walifeli figo ghafla, wengine wakafikia kusafishwa damu kwa mashine.

Karela na uwatu huweza kushusha sukari kidogo. Hatari ni kuzichanganya na glibenklamaidi, kidonge cha kisukari ambacho hukawia mwilini figo zikichoka, sukari ikashuka mno. Mgonjwa akitoka jasho, akitetemeka au kuongea ovyo, na bado anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, upime sukari tena baada ya dakika 15. Hata akizinduka apelekwe hospitali, kwani sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa.

Upo mmea uliosaidia figo kweli. Mwaka 1835 wanakemia wa Ulaya walitenga florizini kutoka kwenye ganda la mizizi ya mtufaha. Hufanya figo zitoe sukari kwa mkojo, ila ikimezwa huharibikia tumboni na kuharisha. Wataalamu waliibadili umbo hadi kupata vidonge vya dapagliflozini na empagliflozini. Utafiti wa 2020 ulionyesha dapagliflozini hupunguza kasi ya figo kufeli. Muulize daktari kama inakufaa, pamoja na losartani au enalaprili, dawa za presha zinazolinda figo. Ukitapika au kuharisha, dapagliflozini husimamishwa kwa muda.

Kama tayari unatumia unga wowote, usiufiche. Njoo kliniki na kopo lenyewe, useme unachota vijiko vingapi na tangu lini, ili upimwe kreatinini na potasiamu. Mkojo ukipungua, uso ukivimba au ukitapika mfululizo, acha unga na uende hospitali siku hiyo hiyo.