Ini bovu si damu ya maji

Barazani Lamu utasikia: mwenye ini bovu damu yake ni maji, akipasuliwa moyo haitaganda. Ni nusu ya kweli. Ini hutengeneza protini za kugandisha damu, na pia zile za kuizuia isigande ovyo, kama antithrombini. Likichakaa, protini za pande zote mbili hupungua. Mizani hubaki, ila dhaifu. Mgonjwa aweza kuvuja, aweza pia kuziba mshipa. Kipimo cha INR (cha muda damu inaochukua kuganda) huona upande wa kugandisha tu, kwa hiyo kummiminia plazma (majimaji ya damu) kwa kukitazama hicho pekee (mazoea ya siku nyingi) huweza kumpandishia shinikizo la mshipa mkuu unaopeleka damu kwenye ini. Upasuaji wenyewe, pamoja na heparini (dawa ya kuzuia damu isigande) na mashine ya kuzungusha damu badala ya moyo, huvuruga mizani zaidi. Bora kupima damu nzima inavyoganda, kisha kuongeza kilichopungua: fibrinojeni (protini ya kugandisha), au chembe sahani (vijichembe vya damu vinavyoziba jeraha).