Ubingwa wa USRRC 1965: Jim Hall hakudhulumiwa

Wapenzi wengi wa mbio za magari huamini kwamba bingwa wa taifa ni yule aliyemaliza wa kwanza mara nyingi kuliko wenzake. Ndiyo maana wakimkuta dereva George Follmer kwenye orodha ya mabingwa wa USRRC, mashindano ya mbio za magari ya spoti ya Marekani, mwaka 1965, husema mpinzani wake Jim Hall aliporwa taji. Si kweli.

USRRC ilianzishwa mwaka 1963 na SCCA, chama cha mbio za magari ya spoti cha Marekani. Msimu wa 1965, magari yaligawanywa kwa ukubwa wa injini: yasiyozidi lita 2, na yanayozidi hapo. Yalikimbia pamoja, lakini pointi zilihesabiwa ndani ya kila daraja. Aliyeongoza daraja dogo alivuna sawa na aliyeongoza daraja kubwa, hata akimaliza nyuma yake kabisa.

Hall aliendesha Chaparral 2 yenye injini ya V8 (silinda nane) ya Chevrolet ya takriban lita 5.4, gari la kutisha kwa wakati wake. Tatizo ni kwamba mwenzake wa timu, Hap Sharp, alikuwa na gari kama hilo. Sharp akishinda, Hall alikosa pointi za juu. Follmer alichukua Lotus 23, gari jepesi mno, iliyopachikwa injini ya silinda nne ya gari la Porsche 904, isiyofika lita 2, akavuna pointi katika daraja lake. Kuielewa kanuni vizuri hivyo ni sehemu ya ustadi wa mbio.