Ujumuishi kamili, ujumuishi wa sehemu, na saa za mtoto darasani

Tangu elimu jumuishi, yaani watoto wenye ulemavu kusoma pamoja na wasio nao, ianze kutajwa katika mikutano ya wazazi hapa Bukavu, redioni na katika ripoti za miradi, maneno mawili yameshikamana nayo popote iendapo: kamili, na ya sehemu. Wengi wanayatumia kana kwamba ni alama za mtihani, yaani shule yenye ujumuishi kamili imefaulu, na yenye ujumuishi wa sehemu imejitahidi lakini haijafika. Wengine wanadhani yanawahusu watoto wenyewe: kamili ni kwa mwenye ulemavu mwepesi, sehemu ni kwa mwenye ulemavu mzito. Matumizi yote mawili yana kasoro, na hili la pili lina madhara zaidi, kwa sababu mwalimu anayeliamini huwapanga watoto mafungu kabla hajawaona wakisoma.

Maana yenyewe ni fupi. Ujumuishi kamili ni mpango ambao mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu anasoma kozi zote, kwa kawaida siku nzima, katika darasa lile lile la watoto wa rika lake, na msaada anaouhitaji unamfuata humo humo. Ujumuishi wa sehemu ni mpango ambao anasoma kozi kadhaa katika darasa hilo, na kwa saa zilizokubaliwa anakwenda chumba kingine, kwa mwalimu mwenye utaalamu, halafu anarudi kwa wenzake. Katika mipango yote miwili msaada upo. Kinachobadilika ni mahali unapotolewa na muda ambao mtoto anakuwa nje ya darasa. Anayetaka maana pekee anaweza kuishia hapa.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba neno kamili halivumilii hata dakika moja nje ya darasa. Nchini Marekani, ambako sehemu kubwa ya mjadala huu ilianzia, sheria ya mwaka 1975 iliagiza kwamba watoto wenye ulemavu wasome pamoja na wasio na ulemavu kwa kiasi kikubwa kadiri inavyofaa, na kwamba mtoto aondolewe katika darasa la kawaida pale tu ambapo, hata baada ya kupewa vifaa na msaada wa ziada, masomo hayaendi inavyoridhisha. Kwa kufuatilia agizo hilo, serikali yao huhesabu muda: kundi la juu kabisa ni la wanafunzi wanaokaa katika darasa la kawaida asilimia 80 au zaidi ya siku ya masomo, linafuata la asilimia 40 hadi 79, kisha la chini ya 40. Karibu theluthi mbili ya wanafunzi wao wenye ulemavu wamo katika kundi la juu. Ukilinganisha na siku ya masomo ya saa tano, kama ilivyo kwa shule nyingi za msingi hapa kwetu, asilimia 20 inayobaki ni saa nzima. Mtoto asiyeona anayetoka saa moja kila siku kujifunza breli, kisha akarudi kufuata hesabu na Kifaransa pamoja na wenzake, angehesabiwa huko miongoni mwa waliojumuishwa zaidi, na sioni kwa nini sisi tumwandike kama nusu.

Kosa la pili ni la wasomi zaidi kuliko la wazazi. Ujumuishi kamili una sura mbili ambazo hazifai kuchanganywa. Kuna ujumuishi kamili kama ratiba ya mtoto mmoja, ambao ndio nilioueleza, na kuna ujumuishi kamili kama msimamo, yaani imani kwamba watoto wote bila kubagua, hata wenye ulemavu mzito kabisa, wasome katika darasa la kawaida, na madarasa ya pembeni yafungwe. Mwaka 1986 Madeleine Will, aliyekuwa akisimamia elimu maalumu katika wizara ya elimu ya Marekani, alikosoa mtindo wa kumtoa mtoto darasani kila anapohitaji kusaidiwa. Baada yake walitokea waliokwenda mbali zaidi na kudai mfumo wote wa pembeni uvunjwe, na wengine wakasimama kuutetea wakisema mtoto anastahili kuwa na zaidi ya njia moja. Italia haikungoja mabishano hayo. Sheria yake namba 517 ya mwaka 1977 ilileta walimu wa msaada katika madarasa ya kawaida, na darasa lililompokea mtoto mwenye ulemavu halikutakiwa kuzidi wanafunzi 20. Wanaoisifu Italia mbele ya walimu wetu huitaja sheria hiyo na kuisahau hesabu hiyo ya 20, ambayo mwalimu wa Kadutu, hapa mjini kwetu, aliyezoea darasa lililojaa, angeisoma mara mbili akidhani ni kosa la uchapaji. Mtu anaweza kutaka mtoto fulani asome siku nzima na wenzake bila kuamini kwamba kila kituo maalumu kifungwe, na anayempinga katika la pili asidhani amempinga katika la kwanza.

Lakini linalonifanya niandike ni kosa la tatu, lile la kuita ujumuishi kamili hali ya mtoto ambaye ameketi tu. Chukua mvulana mwenye usikivu hafifu katika darasa la nne, kwenye shule yoyote iliyojengwa juu ya mojawapo ya vilima vyetu. Amewekwa dawati la tatu kutoka nyuma, karibu na dirisha, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi alipoandikishwa. Wakati wa dikte mwalimu anatembea kati ya madawati huku akisoma, kwa hiyo midomo yake inaonekana kwa sentensi moja na mgongo wake kwa sentensi tatu. Akieleza hesabu anazungumza akiwa ameukabili ubao, chaki mkononi. Mvua ikianza, na Bukavu mvua haibembelezwi, mabati yanapiga kelele hata wale wenye masikio mazima wananakili kwa jirani. Mvulana huyo ana daftari safi kuliko wote, maana ananakili kila kilichoandikwa ubaoni, na hajui hata theluthi ya kilichosemwa. Hatoki darasani hata dakika moja. Katika ripoti ya shule ataandikwa kuwa amejumuishwa kikamilifu.

Huyo hajajumuishwa, si kwa ukamilifu wala kwa sehemu. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayofuatilia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu iliyafafanua haya mwaka 2016, katika maelezo yake kuhusu ibara ya 24, ambayo ndiyo ibara ya elimu. Ilitenganisha hali nne: kunyimwa shule kabisa, kusomeshwa kando, kuingizwa katika shule ya kawaida kwa sharti la mtoto kuizoea ilivyo, na kujumuishwa, ambako shule ndiyo inayobadilika. Ilisema pia waziwazi kwamba kuwaweka wanafunzi wenye ulemavu katika madarasa ya kawaida bila kubadilisha mpangilio wa shule, masomo na namna ya kufundisha si ujumuishi. Kwa hiyo mvulana wetu yuko katika hali ya tatu, hata akikaa humo asilimia mia ya saa zake. Saa zinapima ujumuishi ukishakuwapo. Hazina uwezo wa kuuleta.

Waingereza walikuwa wameligusa jambo hili mapema zaidi. Ripoti ya kamati iliyoongozwa na Mary Warnock, iliyotolewa mwaka 1978, ilitofautisha namna tatu za kuwaweka watoto pamoja: pamoja kwa mahali, pale darasa maalumu linapokuwa ndani ya uwanja wa shule ya kawaida, pamoja kwa maisha, pale watoto wanapokula, kucheza na kuzungumza kwa kuchanganyika, na pamoja kwa kazi, pale wanaposhiriki masomo na shughuli zenyewe. Mimi naiona ngazi hiyo kuwa na faida kwetu kuliko asilimia za Wamarekani, kwa kuwa inaruhusu kusema ukweli bila kumtukana mtu. Shule iliyojenga chumba cha watoto wenye ulemavu wa akili nyuma ya ofisi ya direkta, na watoto hao wakawa na saa yao ya mapumziko tofauti na ya wengine, imefanya la kwanza na haijafanya la pili. Hilo halistahili kuitwa ujumuishi wa sehemu, kwa sababu hakuna sehemu yoyote ya siku ambayo watoto hao wanasoma na wengine. Ni darasa la kando lenye geti moja na shule.

Neno sehemu nalo linadhulumiwa kwa namna ambayo nadhani ni ya mazingira yetu. Ujumuishi wa sehemu unahitaji vitu viwili ambavyo shule nyingi za mjini hazina: chumba kilicho wazi wakati wa masomo, na mwalimu wa kumpokea mtoto humo. Majengo mengi yanatumiwa na zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana, na tangu elimu ya msingi ya serikali ifanywe kuwa ya bure mwaka 2019 madarasa yamejaa zaidi. Chumba hakipo. Kinachotokea basi ni kwamba mtoto anayechoka upesi, au anayepiga kelele, anakuja saa moja na nusu asubuhi na kufikia saa nne mama yake anaitwa amchukue, na mpangilio huo unaitwa wa sehemu. Naomba tusiuite hivyo. Katika ujumuishi wa sehemu, saa ambazo mtoto hayumo darasani ni saa za masomo mahali pengine, zenye mwalimu na lengo, na kwa kawaida zinapangwa ili zimwezeshe kurudi darasani akiwa na nguvu zaidi. Mtoto aliyerudishwa nyumbani saa nne amefukuzwa kwa sehemu ya siku, hata kama aliyemrudisha alifanya hivyo kwa huruma. Vivyo hivyo kwa yule anayetembelea baiskeli ya mikono, ambaye darasa lake linapofika la tano linahamia jengo la juu lenye ngazi za mawe, akaanza kukosa siku za mvua: mahudhurio yake yamekuwa ya sehemu, na dawa yake ni kulishusha darasa la tano jengo la chini.

Kuna kundi moja ambalo linawapa shida hata watetezi wa ujumuishi kamili, nao ni watoto viziwi. Mtoto kiziwi anahitaji lugha kabla ya kuhitaji darasa, na lugha ya alama haijifunzwi kwa kukaa peke yako kati ya watoto hamsini wanaosikia. Ndiyo maana ibara ile ile ya 24 ya mkataba wa Umoja wa Mataifa, inayodai mfumo jumuishi, inaagiza pia lugha ya alama ifundishwe na utambulisho wa kilugha wa viziwi ukuzwe, na kwamba watoto viziwi, wasioona na viziwi wasioona wasomeshwe kwa lugha na njia zinazowafaa, katika mazingira yanayowakuza zaidi. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe, alianza kazi yake Ghana mwaka 1957 na akaendelea kufungua shule za viziwi katika nchi nyingi za Afrika; shule hizo zilikuwa za viziwi pekee, na zilitoa watu ambao bila hizo wasingesoma kabisa. Mzazi wa Bukavu anayempeleka mwanawe kiziwi mahali anapokuta wenzake na walimu wa lugha ya alama hajaukataa ujumuishi. Anaweza kuwa ameanza safari yake mahali panapofaa, na swali la saa ngapi katika darasa la watoto wanaosikia, na kwa mkalimani gani, litakuja baadaye. Kumwambia kwamba shule ya kawaida ingempa kitu kamili, ilhali humo hakuna hata mtu mmoja wa kuzungumza naye, ni kucheza na neno.

Upande wa sheria sina mengi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi yetu, ilijiunga na mkataba huo wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda na kukuza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Kwa mwalimu anayetaka kujua leo asubuhi amfanyie nini yule mvulana wa dawati la tatu kutoka nyuma, sheria hizo ziko mbali, na ni afadhali amsogeze mbele, aache kuzungumza na ubao, na dikte aisomee mahali pamoja.

Basi, ndugu walimu na wazazi wa kamati, maneno haya myatumie, ila yawekeeni kiambatanisho. Palipoandikwa ujumuishi kamili, iongezwe ni msaada gani unaomfikia mtoto humo darasani na nani anautoa. Palipoandikwa ujumuishi wa sehemu, zitajwe kozi anazotoka, saa zake, mwalimu anayempokea, na saa anayorudi. Kama hakuna cha kuongeza, liandikwe lililopo, kwa mfano kwamba mtoto ameandikishwa, anakuja kila siku, anasikia kidogo, na hadi sasa hakuna lililobadilishwa kwa ajili yake. Sentensi hiyo haipendezi kwenye ripoti, lakini mkaguzi akiisoma atajua aulizie nini.